Tajiri wa Kakao Aliyegharimia Maswali

Desemba 1904, Joseph Rowntree, mwenye kiwanda cha kakao na peremende mjini York, Uingereza, aliwaandikia waraka wadhamini wa mifuko mitatu aliyoianzisha kwa sehemu kubwa ya mali yake. Alikuwa na umri wa miaka 68 na jambo moja lilimkera. Aliyechangisha fedha za kuwagawia maskini supu pale York hakukosa wafadhili. Aliyetaka fedha za kuchunguza umaskini umetoka wapi alirudi mikono mitupu. Rowntree aliwaagiza wadhamini wake wamsikilize huyu wa pili.

Ushahidi alikuwa nao nyumbani. Mwaka 1899 mwanawe, Seebohm, aliendesha uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliozifikia familia 11,560 za wafanyakazi wa York. Zaidi ya robo ya wakazi wote wa mji walikuwa maskini. Tena, zaidi ya nusu ya waliokuwa katika ufukara mkubwa kabisa waliishi katika nyumba ambazo mwenye kuzilisha alikuwa na kazi ya kudumu, ila ujira haukutosha. Wenye nafasi walizoea kuwalaumu maskini kwa uvivu na ulevi. Takwimu hizo ziliwanyima hoja.

Kuhusu fedha zenyewe za mifuko hiyo, sehemu ya kakao ya viwanda vya Uingereza ilitoka São Tomé, kwenye mashamba yaliyolimwa na watu waliochukuliwa Angola na kutumikishwa kama watumwa. Kampuni za Rowntree, Cadbury na Fry ziliacha kuinunua mwaka 1909, miaka kadhaa baada ya habari hizo kuzifikia. Zilichelewa mno, na mtu hawezi kuusifu waraka wa 1904 akalinyamazia hilo.

Ombi lililoujaribu waraka huo kuliko yote lilikuja baadaye sana, kutokana na masaibu ya watoto waliozaliwa na ulemavu baada ya mama zao kutumia dawa ya thalidomide. Serikali ya Uingereza ilitenga pauni milioni 3 kwa ajili ya familia zenye watoto wenye ulemavu mkubwa, ikawakabidhi wadhamini wa Rowntree wazigawe. Mfuko huo, Family Fund, ulifunguliwa mwaka 1973. Wazazi waliomba mashine za kufulia, kwa sababu mtoto asiyeweza kuzuia haja hulowanisha shuka usiku kucha na mama ndiye anayefua. Waliomba pia nguo, matandiko, usafiri, na siku chache za mapumziko.

Kwa macho ya haraka, hiyo ilikuwa supu tena. Lakini mwaka huohuo Chuo Kikuu cha York kilianzisha kitengo cha utafiti kuufuatilia mfuko, chini ya Jonathan Bradshaw, na maombi ya wazazi yakawa ushahidi wa mahitaji ambayo huduma za serikali hazikuyafikia. Aliyeomba mashine ya kufulia alikuwa amejibu pia swali la mzee Rowntree.