Mikimbio Sita na Njia ya Ziwani

Nilishuka Kisumu na swali moja tu: je, pwani hii ya ziwa iliwahi kuitolea nchi nahodha wa kriketi? Nilianzia gatini, pale reli ilipokomea mwaka 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence. Reli ilileta maduka ya Wahindi, na maduka yakaleta watu waliopenda kriketi. Lakini Kisumu hiyohiyo ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda hadi 1902. Basi nikisema nahodha wa taifa, nasema taifa lipi?

Jina la kwanza kunijia lilikuwa Harilal Shah. Ndiye aliyeongoza timu ya Afrika Mashariki katika Kombe la Dunia la kwanza, Uingereza, Juni 1975. Wachezaji walitoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia: nahodha mmoja, bendera nne. Nilitamani sana awe mtoto wa ziwani. Kumbukumbu zikanikatalia: alizaliwa Nairobi, mwaka 1943. Njia yangu ikafia hapo. Nigeuze nirudi, au kwanza nimwelewe mtu huyu?

Nikabaki naye, kwa kuwa masimulizi yaliyozoeleka juu ya timu yake hayakunitosha. Husemwa kwamba walisambaratishwa, na nahodha akaambulia mikimbio sita kwa mechi zote tatu. Hiyo sita ni kweli. Na vipigo ni kweli: New Zealand iliwashinda kwa mikimbio 181, India kwa wiketi 10, England kwa mikimbio 196. Ila neno “kusambaratishwa” lina uzito wake. Je, karatasi za matokeo zinalibeba?

Nilizisoma polepole. Siku ya kwanza, Edgbaston, Glenn Turner alipiga mikimbio 171 bila kutolewa, idadi ambayo hakuna mtu aliyeipita katika mechi za siku moja za kimataifa hadi 1983. Afrika Mashariki walikuwa wakifukuza 310. Wangeweza kurusha bati ovyo na kwenda zao. Badala yake walisimama ova zote 60, wakapata 128, na wiketi mbili zikabaki mkononi. Frasat Ali alipiga 45. Dhidi ya India, Jawahir Shah alipata 37. Dhidi ya England, John Snow alitoa wanne kwa mikimbio 11 tu, na hata hivyo ilichukua zaidi ya ova 50 kuwamaliza. Hawa walikuwa watu wenye kazi zao nyumbani, wanakabili wanaoishi kwa mchezo. Mimi sioni timu iliyosambaratika. Naona watu waliogoma kuondoka uwanjani. Nahodha anayewashikilia wenzake hivyo, karatasi inamwandikia nini zaidi ya sita yake?

Kenya ilijitenga na timu hiyo ya pamoja, ikasimama peke yake mwaka 1981. Hapo nikabadili namna ya kutafuta: badala ya kumfuata nahodha hadi kwao, nikafuata mahali pa kuzaliwa hadi kwa nahodha. Kisumu ikajibu. Hitesh Modi, mpigaji wa mkono wa kushoto, alizaliwa hapa Oktoba 1971, karibu miaka minne kabla ya safari ya Shah. Alikuwamo Pune, 29 Februari 1996, Kenya ilipoiangusha West Indies. Kati ya mikimbio 166 ya Kenya, 26 ni yake. Mwaka 2004 akaiongoza Kenya huko Uingereza, nchi ileile ya mtihani wa Shah. Si nahodha wa mwanzo niliyemtafuta. Lakini kwa nini moyo ulinituma nisiishie hapo?

Kwa sababu ya Agosti 2006, Nairobi, Kenya ikicheza na Bangladesh. Mpira ulimgonga Hitesh mguuni, mbele ya wiketi. Warushaji wakapaza sauti. Mwamuzi alikuwa Subhash Modi, baba yake mzazi. Akanyanyua kidole, na mwana akatoka. Karatasi ya siku hiyo ina jina Modi mara mbili, kwa wapigaji na kwa waamuzi, wala haisemi kwamba ni baba na mwana. Kama karatasi moja imemeza kisa kizito namna hiyo, zile tatu za 1975 zimemeza nini cha Harilal Shah?