Jinsi Kompyuta Zilivyofundishwa Kuandikiana

Shikeni kalamu, mwandike katika madaftari yenu namba hizi mbili: 9 na 7. Mpe jirani yako azisome. Atazisoma sawasawa, lakini hatapata habari yo yote. Sasa nasema kwamba namba hizi zimetoka katika kadi ya mtoto kliniki. Kama 9 ni miezi na 7 ni kilo, mtoto huyu ni mwembamba, afadhali mganga amtazame. Kama 7 ni miezi na 9 ni kilo, mtoto amenona, mama aende zake nyumbani. Namba ni zile zile.

Katika rejista shida hii haipo, kwa sababu kila safu ina jina lake juu. Mwaka wa 1970 Bwana Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, alieleza jinsi kompyuta iwezavyo kuweka habari nyingi katika majedwali ya namna hiyo. Akiba kama hiyo huitwa hifadhidata. Lakini kila ofisi huchora rejista yake ipendavyo. Habari zikitoka ofisi moja kwenda nyingine, namba husafiri na majina hubaki nyumbani.

Dawa yake ilianzia mahali pengine kabisa, katika karatasi za wanasheria. Bwana Charles Goldfarb alikuwa mwanasheria mjini Boston kabla ya kuingia IBM. Mwaka wa 1969 yeye na wenzake wawili, Edward Mosher na Raymond Lorie, walitaka programu mbalimbali zitumie maandishi yale yale ya sheria: moja iyasahihishe, nyingine iyatafute, nyingine iyapige chapa. Hazikuweza, maana kila programu ilikuwa na alama zake. Tena alama zile zilikuwa amri tu za mpiga chapa: hapa weka herufi kubwa, hapa ruka mstari.

Basi wakageuza jambo. Badala ya kuandika “herufi kubwa”, waliandika “hiki ni kichwa cha habari”. Tazameni tofauti hiyo vizuri. Amri ya kwanza inasema neno lionekane vipi; ya pili inasema neno hilo ni kitu gani, na kila programu itajua yenyewe la kufanya. Lugha yao waliiita GML, nazo ni herufi za kwanza za majina yao watatu. (Mtu akitunga kitu kizuri, si vibaya akiacha jina lake mlangoni.)

Mwaka wa 1986 lugha iliyozaliwa na hiyo, SGML, ilikubaliwa kuwa kanuni ya mataifa. Ilikuwa na nguvu, lakini nzito mno. Bwana Tim Berners-Lee alipoanzisha kurasa za intaneti huko Geneva, alitumia alama chache za mfano wake: kichwa, aya, orodha. Alama ya bei haikuwapo, wala ya uzito. Mtu aliona bei katika ukurasa. Kompyuta iliona maandishi tu.

Kwa hiyo mwaka wa 1996 kundi la mafundi, wakiongozwa na Bwana Jon Bosak, lilianza kuipunguza SGML. Tarehe 10 Februari 1998 ikatolewa XML. Ndani yake kila mtu aweza kutunga alama zake, kwa mfano hivi:

<miezi>9</miezi> <kilo>7</kilo>

Kila namba imefungwa katikati ya jina lake, mwanzo na mwisho. Hifadhidata moja yaweza kuandika barua hii, na nyingine, iliyochorwa vingine kabisa, ikaisoma. Barua hiyo hiyo yaweza kugeuzwa kuwa ukurasa wa intaneti au kitabu cha karatasi; kanuni za kuigeuza, ziitwazo XSLT, zilitolewa mwaka wa 1999.

Mwaka huo huo, mwezi wa Septemba, chombo cha Marekani kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika kwenye sayari ya Mirihi. Programu moja ilitoa hesabu za nguvu kwa kipimo cha ratili. Nyingine ikazisoma kama ni za kipimo cha nyutoni. Namba zilifika, kipimo hakikufika. Wala msidhani kwamba alama peke yake ingetosha. Ofisi moja ikiandika “kilo” na nyingine “uzito”, kompyuta haijui kuwa ni kitu kimoja. Lazima watu wakae kwanza wapatane, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Siku hizi programu nyingi hupelekeana habari kwa JSON, iliyo nyepesi zaidi. Hata hivyo XML haikufa. Barua iliyopigwa kwa kompyuta mara nyingi huwekwa kwa jina linaloishia na docx. Ile x ya mwisho ni ya XML.

Kazi ya nyumbani: chukueni risiti yo yote ya dukani, mtungie kila namba iliyomo alama yake. Kisha mlinganishe na majina aliyotunga jirani.