Lami ya Isiolo na magari ya kasi: Wenyewe huyaendesha kwa nguvu kiasi gani?

KWA miaka mingi, aliyemiliki gari la spoti humu nchini hakuwa na sababu ya kulipeleka kaskazini mwa Isiolo. Lami ilikoma katika mji huo. Kutoka hapo hadi Moyale palikuwa na barabara ya mawe na vumbi, ambayo malori yaliipita kwa misafara iliyolindwa na polisi. Gari lenye tumbo lililokaribia ardhi lisingestahimili safari hiyo hata kidogo.

Hali ilianza kubadilika wakati sehemu ya kilomita 136 kutoka Isiolo hadi mto Merille ilipotiwa lami kwa ufadhili wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kufikia mwaka 2017 lami ilikuwa imefika Moyale, mpakani mwa Kenya na Ethiopia, umbali wa zaidi ya kilomita 500. Leo hii ni miongoni mwa barabara nyoofu zaidi nchini, yenye magari machache na upeo mpana. Kwa mwenye gari lenye nguvu, hilo ni jaribu kubwa.

Swali ambalo huzuka kila watu wanapokusanyika kando ya gari la aina hiyo ni moja: je, mwenyewe hulikamua kweli, ama hulionyesha tu? Jibu la kweli lina pande mbili. Wengi huishi na magari hayo bila kutumia hata nusu ya uwezo wake. Hatari huja katika zile dakika chache ambazo barabara huonekana kuwaruhusu kuutumia wote.

Gari la spoti ni lipi?

Ughaibuni, jina hilo humaanisha gari fupi la milango miwili, kama vile Porsche 911. Humu nchini magari hayo yapo, lakini ni machache. Yaliyoteka nyoyo za vijana kwa wazee ni Subaru Impreza WRX STI na Mitsubishi Lancer Evolution, almaarufu Evo. Kwa umbo ni magari ya kawaida ya familia, ila yana injini yenye tabo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, na nguvu yake hufika magurudumu yote manne.

Mengi yaliingia nchini yakiwa yametumika Japani. Mwaka 1989 watengenezaji wa nchi hiyo walikubaliana kwamba gari lolote la soko la nyumbani lisitangazwe kuwa na nguvu zaidi ya farasi 280 za kipimo chao, na makubaliano hayo yakadumu hadi mwaka 2004. Aidha, magari hayo hufungwa kidhibiti kinachokata mwendo yanapofika kilomita 180 kwa saa. Ndiyo maana sahani ya mwendo ya magari mengi yatokayo Japani huishia 180. Baadhi ya wamiliki huwaendea mafundi ili wakiondoe kidhibiti hicho, na hapo ndipo gari huacha kuwa lile lililotoka kiwandani.

Jambo jingine ni umri. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililopitisha miaka minane. Evo ya mwisho iliundwa mwaka 2016. Kwa hiyo, zilizoko barabarani humu nchini haziwezi tena kubadilishwa na nyingine kutoka Japani, na kila moja inayoharibika hupunguza idadi.

Mteremko kabla ya mnyooko

Atokaye Nairobi hupita Nanyuki na Timau, kwenye miinuko inayofika zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Baada ya njia panda ya Subuiga, ambako barabara ya Meru hujitenga, gari huanza kuteremka hadi Isiolo, mji ulioko mita 1,100 hivi.

Mteremko huo hutenda mambo mawili. Kwanza, hewa huwa nzito zaidi kadiri gari linavyoshuka. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu yake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hivyo, gari lililokuwa likigugumia kule Timau huamka lenyewe likikaribia Isiolo, na dereva hudhani ni ustadi wake.

Pili, breki hupata moto. Dereva anayekanyaga breki mfululizo mteremkoni badala ya kupunguza gia huzichemsha hadi zinashindwa kushika. Mafuta ya breki hufyonza unyevu kadiri siku zinavyopita, nayo yakizeeka huchemka upesi na kanyagio huzama bila kazi. Ni desturi njema kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili. Mwenye gari la kasi ambaye hajawahi kufanya hivyo hana breki za kasi, hata kama aliuziwa kwa jina hilo.

Nani hulikamua gari zaidi?

Ajabu ni kwamba magari yanayoendeshwa kwa nguvu zaidi katika eneo hili si ya spoti. Ni pikapu zinazobeba miraa kutoka milima ya Nyambene. Jani hilo hupoteza thamani siku mbili baada ya kuchumwa, na mzigo ukichelewa bei hushuka. Dereva wake hukimbizana na saa, na mara nyingi gari si lake.

Mwenye gari la spoti yuko katika hali tofauti. Hakuna anayemngoja sokoni. Akiunguza klachi, gharama ni yake. Akivunja gia, ni yeye atakayesaka kipuri kwa miezi. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Uchungu wa injini aujuaye ni alipaye fundi. Hii ndiyo sababu wengi huyaosha magari yao kila Jumamosi na kuyaendesha kwa upole kuliko majirani wenye magari ya kazi.

Upole huo nao una kasoro zake. Gari linaloendeshwa kilomita mbili kwenda dukani na kurudi halipati moto wa kutosha kukausha unyevu ndani ya oili. Matairi yake huzeeka yakiwa bado na meno. Injini yenye tabo hupenda kutumiwa, mradi ipashwe moto kwanza, na baada ya mbio iachwe ingurume taratibu kwa dakika moja au mbili ili tabo ipoe kabla ya kuzimwa. Kutumia gari kwa nguvu si dhambi kwa chuma. Dhambi ni kulitumia kwa nguvu likiwa baridi, oili ikiwa chini au ikiwa imechakaa.

Mafuta pia ni jambo la kuzingatia. Petroli ya Super inayouzwa humu nchini huwa ya oktani 93, ilhali injini nyingi za STI na Evo za soko la Japani ziliundwa kwa petroli ya oktani karibu 100. Petroli hafifu ikikamuliwa katika joto la Isiolo, ambako kipimajoto hupita nyuzi 30 mchana, mafuta hulipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake. Pistoni hupigwa nyundo kutoka juu, na mwenye gari hujua siku moshi unapotokea.

Hesabu ya kusimama

Hata hivyo, kikomo cha kweli katika barabara ya Isiolo si injini. Ni umbali ambao dereva anaweza kuona na kusimama.

Tuchukue dereva aliye macho, anayehitaji sekunde moja na nusu ili kutambua hatari na kukanyaga breki, katika lami kavu na kwa matairi mazuri. Akienda kilomita 50 kwa saa, atasimama baada ya mita 35 hivi. Akienda 100, atahitaji mita 97. Akienda 160, atahitaji zaidi ya mita 200, na akienda 200, mita 300. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza huongezeka mara nne.

Sasa tuseme ngamia anaingia barabarani mita 97 mbele. Gari la mwendo wa 100 litasimama puani pake. Lile la mwendo wa 160 litakuwa limekwenda mita 67 kabla breki hazijaanza kushika, na litamfikia likiwa bado na mwendo wa takriban kilomita 140 kwa saa. Breki kubwa na matairi mapana hupunguza tofauti hiyo kidogo tu, kwa kuwa hakuna fundi awezaye kuongeza kasi ya akili ya dereva.

Ngamia ni mnyama wa kilo 400 na zaidi aliyebebwa na miguu mirefu. Gari fupi humkata miguu, na mwili wote huangukia kioo cha mbele, mahali ilipo vichwa vya waliokaa ndani. Katika barabara hii hatari hiyo ni ya kila siku. Isiolo ni mji wa mifugo: Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru hukutana hapa kununua na kuuza. Ng'ombe, mbuzi na ngamia huvuka kwenda kwenye maji asubuhi na kurudi jioni, wakiongozwa mara nyingi na watoto. Karibu na Archers Post kuna hifadhi za Buffalo Springs na Samburu, na wanyamapori hawana habari ya alama za barabarani.

Ndovu wa Mlima Kenya walichimbiwa njia yao chini ya barabara kuu ya Nanyuki-Meru, iliyoanza kutumika mwaka 2011. Mtoto mwenye mbuzi 30 hupita juu ya lami.

Usiku mambo huwa mabaya zaidi. Taa za chini humulika mita 50 au 60 tu. Hata anayekwenda 100 akitumia taa hizo amekwisha kuupita uwezo wake wa kusimama.

Sheria ya Trafiki huruhusu gari la kibinafsi mwendo wa kilomita 100 kwa saa katika barabara isiyo na mgawanyo, na 50 mjini na katika vituo vya biashara. Kanuni za makosa madogo za mwaka 2016 ziliweka faini ya Sh500 kwa anayezidisha kwa kilomita sita hadi 10, Sh3,000 kwa 11 hadi 15, na Sh10,000 kwa 16 hadi 20. Anayezidi hapo hufikishwa mahakamani. Kuanzia mwaka 2021 hadi 2024, zaidi ya watu 4,000 walifariki kila mwaka katika ajali za barabarani nchini, na waendao kwa miguu ndio kundi lililoumia zaidi.

Funzo kutoka Safari Rally

Kenya si nchi isiyojua kukamua magari. Mashindano ya Safari yalipoanza mwaka 1953, walioshiriki walikuwa na magari ya kawaida ya kiwandani, yaliyogawanywa kwa bei zake. Mwaka 1963 yalianza magari zaidi ya 80, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yalianza zaidi ya 90, yakamaliza saba tena. Mshindi mara zote mbili alikuwa Nick Nowicki katika Peugeot 404, gari ambalo mwalimu au mfanyabiashara angeweza kulimiliki.

Joginder Singh, aliyekuwa miongoni mwa waliomaliza katika miaka hiyo miwili, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokuwa imetumika tayari. Porsche ilituma magari yake ya 911 kushindana katika miaka ya 1970, ikaambulia nafasi ya pili mwaka 1974 na 1978. Kilichopimwa hapo hakikuwa kasi tupu, bali uwezo wa dereva kujua ni lini akamue na ni lini alisaze gari.

Tangu mashindano hayo yarejee katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, yakiwa na makao Naivasha, sehemu za mbio hufungwa kwa umma na magari huwa na vizimba vya chuma ndani. Shirikisho la Michezo ya Magari nchini husimamia pia mashindano madogo ambayo mwenye gari lake mwenyewe anaweza kujiandikisha. Anayetaka kujua gari lake lina nini ndani, huko ndiko ataambiwa ukweli, tena kwa saa ya mkono.

Kabla ya kuelekea kaskazini

Anayekwenda Isiolo na gari la aina hii akague matairi kwanza. Tarakimu nne ubavuni huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Herufi iliyo mwishoni mwa kipimo huonyesha mwendo wa juu ambao tairi huvumilia: S ni 180, T ni 190, H ni 210 na V ni 240. Tairi la S katika gari lililoondolewa kidhibiti ni ahadi ya kupasuka. Upepo upimwe tairi likiwa baridi, oili ikaguliwe, na safari ipangwe imalizike kabla ya jua kutua.

Kisha apige hesabu ya mwisho. Kutoka Isiolo hadi Merille kwa mwendo wa 100 ni dakika 82. Kwa mwendo wa 160 ni dakika 51. Faida yote ya kuvunja sheria, kuchemsha injini na kuhatarisha watoto wa watu ni nusu saa, muda wa kunywa kikombe cha chai ya maziwa ya ngamia njiani na kulipa.