Kulitafuta Chungwa la Kwenye Soda

Simulizi hii huenda umeshaisikia. Fanta, wanasema, ilibuniwa na utawala wa Kinazi katika Vita vya Pili vya Dunia, baada ya Marekani kukata biashara na Ujerumani. Inasimuliwa kwenye daladala, inasambazwa kwenye simu, na kila anayeirudia huongeza chumvi yake. Mimi ilinikwama mahali ambapo wasimulizi hupita mbio. Ujerumani ile iliyozingirwa na manowari za Uingereza ilipata wapi machungwa?

Nilianza na tarehe. Marekani iliingia vitani Desemba 1941. Lakini mwaka 2015 Fanta ilisherehekewa Ujerumani kwa kutimiza miaka 75. Toa 75 kwenye 2015, unabaki na 1940. Kinywaji kilikuwapo kabla ya sababu inayodaiwa kukizaa! Shida yenyewe ilianza mapema zaidi. Tangu 1939 vita vilivuruga safari za bahari, na kiungo kikuu cha kola kutoka ng'ambo kikaanza kuadimika. Kampuni iliyotengeneza kola hiyo Ujerumani, yenye makao mjini Essen, ikabaki na mitambo, chupa na wafanyakazi, bila kitu cha kutia ndani ya chupa. Walitia nini?

Nilitarajia kukuta angalau ganda la chungwa. Halikuwemo. Kilichotajwa ni yale maji yanayobaki maziwa yakishageuzwa jibini, pamoja na makapi ya tufaha zilizokwisha kukamuliwa. Matunda mengine yalitiwa kadiri yalivyopatikana. Uholanzi, iliyokuwa imekaliwa na Wajerumani, ilitumia matunda madogo meusi ya vichakani. Utamu ulitokana na sakarini, na baadaye sukari kidogo ya kiazisukari. Mwaka 1943 ziliuzwa karibu kreti milioni 3, na si zote zilizoishia kwenye glasi: sukari ilikuwa ya mgao, kwa hiyo akina mama waliimimina soda hiyo hata kwenye supu. Kinywaji hicho kina undugu gani na hiki cha kioski, ukiacha jina?

Kabla ya kusonga mbele ilinibidi nizipime simulizi mbili zinazovutana. Moja inaiita soda ya Wanazi. Nyingine inamsifu meneja mbunifu aliyenusuru kazi za watu wake. Ya kwanza inakosea kuhusu chanzo: soda ilibuniwa kiwandani ili kiwanda kisifungwe, na sikukuta amri ya serikali iliyoiagiza. Ya pili inanyamazia jambo zito. Katika Ujerumani ya miaka ile hakuna kiwanda kilichoendelea kuzalisha na kutengewa sukari pasipo ridhaa ya watawala. Tangazo la maadhimisho ya 2015, lililoonekana kuziita zama zile kuwa njema, liliondolewa baada ya watu kulalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika. Hata hivyo simulizi zote mbili zinakomea vita vilipokoma, chungwa likiwa bado halijaonekana. Liliingia lini, na kwa mlango upi?

Mlango ni Napoli, kusini mwa Italia, mwaka 1955. Hapo jina la wakati wa vita lilipewa kinywaji kingine kabisa, kilichotengenezwa kwa machungwa ya nchi hiyo. Hiki ndicho kilichosambaa duniani, na hata baada ya kusambaa hakikubaki kimoja. Italia kwa miaka mingi sheria yake ilidai soda ya chungwa iwe na asilimia 12 ya maji ya tunda, kisha mwaka 2018 kiwango kikapandishwa hadi 20. Marekani chupa yenye jina lilelile imeuzwa bila hata tone la maji ya chungwa. Na Waitalia hawakuhitaji kufundishwa: walikuwa wakinywa soda yao ya chungwa tangu miaka ya 1930. Kama Napoli haikuwa ya kwanza, nani aliitangulia?

Nikarudi nyuma tena. Marekani, mwaka 1916, tayari kulikuwa na Orange Crush, ambayo mwanzoni ilikuwa na nyama ya chungwa ikielea ndani. Baadaye nyama hiyo iliondolewa. Ni njia fupi, na nisingekaa hapo. Njia iliyonishika ilivuka Bahari ya Mediterania ikaniingiza barani kwetu. Kumbe chungwa nililokuwa nikilifuata Ulaya lilikuwa Algeria?

Kusini mwa jiji la Algiers kuna uwanda wa Mitidja, na ndani yake mji wa Boufarik. Wafaransa walipoivamia nchi mwaka 1830, sehemu kubwa ya uwanda ule ilikuwa vinamasi na malaria. Vinamasi vilikaushwa, walowezi wakagawiwa ardhi, na polepole pakawa bustani kubwa ya michungwa. Mwaka 1935, kwenye maonyesho ya biashara ya Marseille, mfamasia Mhispania kutoka Valencia alionyesha kinywaji cha maji ya chungwa yaliyokolezwa, yakachanganywa na maji yenye gesi. Mfanyabiashara wa Boufarik akakipenda, akanunua haki zake. Ndiyo Orangina. Vita vikachelewesha mambo, mpaka mwaka 1951 ilipotoka ile chupa fupi ya mviringo, yenye ngozi ya vipele kama chungwa lenyewe. Algeria ilipopata uhuru mwaka 1962, utengenezaji ulihamia Ufaransa, na leo wengi huitaja kama soda ya Kifaransa. Simulizi yake ina mfamasia, ina mfanyabiashara, ina wachoraji wa mabango. Waalgeria waliochuma machungwa kama vibarua, kwenye ardhi waliyonyang'anywa wazee wao, mbona hawamo?

Swali hilo lilinirudisha pwani yetu, kwa sababu hapa pia chungwa lina historia ndefu kuliko soda. Kumbukumbu ya msafara wa kwanza wa Wareno, Aprili 1498, inaeleza kwamba mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Miaka zaidi ya mia nne kabla ya kreti ya kwanza ya Orange Crush, chungwa la Mombasa lilikuwa zawadi ya kifalme. Basi nikadhani pengine rangi ya soda ina asili kwenye mashamba kama haya. Lakini nenda Muheza, mkoani Tanga, msimu wa machungwa. Yamerundikwa kando ya barabara, yameiva, matamu, na ni ya kijani. Usiku wa pwani hauna baridi ya kuondoa kijani kwenye ganda, hivyo tunda huiva ndani bila kubadilika nje. Njia ya Muheza ikafungika. Rangi ile kali ya soda inatoka kwenye mti gani?

Mara nyingi haitoki kwenye mti wowote. Hutiwa kiwandani, na kila nchi ina kanuni zake. Tangu 2010, Umoja wa Ulaya unataka chakula chenye baadhi ya rangi hizo, ikiwemo ya manjano iitwayo E110, kiandikwe onyo kuhusu utulivu na usikivu wa watoto. Mtoto wa Roma na mtoto wa New York wanaweza kuomba soda kwa jina moja wakapewa vitu viwili tofauti. Na huyu wako anapewa nini?

Basi ukisikia tena kwamba soda ya chungwa ni uvumbuzi wa vita, mrekebishe msemaji kwa upole. Ya vita ilikuwa ya maji ya maziwa na makapi ya tufaha. Ya chungwa chini ya jina lile ilianzia Napoli mwaka 1955, ikiwa nyuma ya Boufarik na nyuma ya Marekani. Kisha geuza chupa, usome orodha ya vilivyomo mpaka mwisho, maandishi madogo pia. Usipokuta maji ya chungwa humo, Muheza yako.