Lawama za Watazamaji na Nasaba ya Tamthilia za Kikorea

Mtu akiketi baraza moja na wapenzi wa tamthilia za Kikorea, wawe ni wenyeji wa Seoul au ni watu wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam ambako tamthilia hizo zimekwisha pata wafuasi, hachelewi kusikia shutuma zile zile zikirudiwa: kwamba kijana wa nyumba ya matajiri, mwenye kiburi kisicho mpaka, sharti ampende binti fukara, kwamba mama wa kijana huyo sharti amwite binti faraghani na kumsogezea bahasha ya fedha ili amwachie mwanawe, kwamba watoto wawili sharti wawe walibadilishwa siku ya kuzaliwa, kwamba gari sharti litokee ghafla njiani, na aliyegongwa aamke hana kumbukumbu, na kwamba yule mwanamume wa pili, mpole na mwenye subira, ambaye nusu ya watazamaji wangependa ndiye aoe, sharti abaki mikono mitupu. Walakini wanenao hayo hawaondoki. Watakilaumu kisa usiku wa leo, na kesho saa ile ile watakuwa wamekwisha keti kukingoja. Makusudio ya makala haya ni kueleza nasaba ya visa hivyo, na kudhihirisha kwamba hadhira ya Korea haikuwa mgeni mwalikwa tu katika sanaa yake, bali tangu zamani ilikuwa na mkono katika utungaji, kwa sifa zake na kwa lawama zake pia.

Asili ya jambo hili itafutwe katika pansori, hadithi ndefu isimuliwayo kwa kuimba, iliyostawi kusini magharibi mwa Korea katika karne ya 18 na ya 19. Watendaji wake ni wawili tu: mughani, asimamaye juu ya mkeka na upepeo mkononi, na mpiga ngoma aketiye kumwelekea, na mughani huyo mmoja ndiye awaye binti, na mama, na liwali, na mlinzi wa gereza, kwa kubadili sauti na uso, kwa muda uwezao kufika saa nane kwa hadithi moja. Ada ya mchezo haimpi msikilizaji ruhusa ya kukaa kimya. Mughani afikapo penye uchungu au penye ufundi, mpiga ngoma na hadhira humtilia nguvu kwa ukelele mfupi, "eolssigu!" au "jotta!", na ukelele huo, uitwao chuimsae, si zogo la ovyo, kwa kuwa una mahali pake baina ya mapigo ya ngoma, na autoaye kabla ya wakati wake hujifedhehesha. Wale waliokomaa katika usikivu walihesabiwa kuwa mabingwa kwa masikio yao kama vile waimbaji walivyo mabingwa kwa koo zao, na mughani aliyewaona wameketi mbele alijua kwamba siku hiyo hapana pa kujificha. Shin Jae-hyo wa Gochang, aliyeishi kati ya mwaka 1812 na 1884 na aliyekuwa mlezi mkubwa wa waghani, alizipanga upya na kuziandika hadithi 6. Katika hizo, 5 ndizo ziimbwazo mpaka leo.

Ipendwayo kupita zote ni hadithi ya Chunhyang wa mji wa Namwon. Mama yake Chunhyang alikuwa katika wale wanawake waliofunzwa kuimba na kucheza mbele ya wakubwa, na kwa sheria za zama hizo unyonge wa mama ulikuwa urithi wa binti. Mongnyong, mwana wa liwali, akamwona akibembea siku ya sikukuu, wakapendana na kuoana kwa siri. Baba wa kijana akahamishiwa mji mkuu, nao wakatengana. Akaja liwali mpya, dhalimu, akamtaka Chunhyang kwa nguvu. Naye akakataa, akapigwa na kutiwa gerezani. Mongnyong akafaulu mtihani wa dola, akarudi amevaa matambara ya mwombaji hata mkwewe akakata tamaa kwa kumwona, kumbe ni mkaguzi wa siri aliyetumwa na mfalme; na katikati ya karamu ya kuzaliwa kwake liwali, mbele ya wageni wote, akaidhihirisha amri aliyokuja nayo. Mwenye macho ataona kwamba kijana mwenye cheo, binti asiye na nasaba, mkubwa azuiaye, utengano, na siri ifichukayo mbele ya halaiki, vyote vimekwisha kuwapo humo, zamani kabla ya umeme. Nayo hadithi ya Sim Cheong, binti aliyejiuza kwa mabaharia ili atoswe baharini, apate vipimo 300 vya mchele vya kutolea sadaka ili baba yake kipofu apate kuona, ndiyo mama wa mabinti wote wajitoao mhanga kwa ajili ya jamaa zao. Hadhira ya siku hizo haikungojea kujua mwisho, maana iliujua tangu utotoni. Ilingojea kuona mughani huyu atalia vipi mahali ambapo waghani wengine wote wamekwisha lia.

Mwaka 1910 Japani iliitwaa Korea, na pamoja na utawala wake ikaingia aina mpya ya mchezo wa jukwaani iitwayo sinpa, yenye machozi mengi na misiba isiyokwisha. Kundi la kwanza la Wakorea wenyewe, la Im Seong-gu, lilianza mwaka 1911. Mwaka 1913 gazeti la Maeil Sinbo lilichapa kwa mfululizo riwaya ya Janghanmong, iliyonakiliwa kutokana na riwaya ya Mjapani Ozaki Koyo, na punde ikapandishwa jukwaani: Shim Sun-ae amwacha mchumba wake Yi Su-il, mwanafunzi fukara, kwa ajili ya tajiri mwenye pete ya almasi, na wapenzi hao waagana kwa ghadhabu kandokando ya mto Daedong, mjini Pyongyang. Tangu siku hiyo fedha ilichukua kiti alichokuwa amekalia liwali. Mwaka 1936 ukumbi wa Dongyang, Seoul, ulionyesha mchezo wa Im Seon-gyu juu ya Hongdo, mwanamke aliyeuza ujana wake katika nyumba za starehe ili kaka yake asome. Akaolewa katika nyumba kubwa, mavyaa na jamaa wakamdhulumu na kumsingizia, hata mwisho akashika kisu, na aliyekuja kumtia pingu akawa ni yule kaka yake, aliyekuwa sasa ni polisi. Watu walifurika, na husimuliwa kwamba wanawake wa kazi ile ile ya Hongdo walijaa ukumbini wakilia maisha yao wenyewe. Katika zama hizo hizo sinema zisizo na sauti zilikuwa na msimulizi wake, byeonsa, aliyesimama kando ya pazia akiwatilia maneno watu wa kwenye picha. Na waliopata kuingia vibanda vya mikanda vya Dar es Salaam, wakamsikiliza mfasiri akizungumza kwa niaba ya mashujaa wa mbali, hawatashangaa kusikia kwamba wengi walichagua ukumbi kwa kumfuata msimulizi kuliko picha.

Televisheni ilifika Korea ya Kusini mwaka 1956, lakini kituo cha taifa, KBS, kilianza siku ya mwisho ya mwaka 1961, kikafuatwa na TBC mwaka 1964 na MBC mwaka 1969. Sanduku lenyewe lilikuwa ghali, na majirani walijikusanya kwa mwenye nalo, hivi kwamba hukumu juu ya mchezo ilitolewa kwa pamoja na kwa sauti. Mwaka 1970 TBC ilionyesha Assi, habari za mke mwema wa zamani avumiliaye mume asiyetulia, na mwaka 1972 KBS ikajibu kwa Yeoro, ambamo Bun-i, binti fukara aliyeigizwa na Tae Hyun-sil, aozwa kwa Yeong-gu, mwana wa nyumba ya kitajiri aliyezaliwa na akili pungufu. Kwa jinsi Jang Wook-je alivyomwiga Yeong-gu, kwa mwendo wake wa kuyumba na ulimi wake mzito, watoto wa mitaani walikuwa hawana mchezo mwingine ila kumwigiza. Na mavyaa wa Bun-i alichukiwa kana kwamba ni mtu wa kweli akaaye nyumba ya pili. Wakubwa wa serikali na waandishi wa magazeti waliziita tamthilia hizo za machozi kuwa ni duni, wakataka zipunguzwe. Watu wakaendelea kuzitazama.

Ushindani ulizidi pale SBS, kituo cha biashara, kilipoanza matangazo ya televisheni mwaka 1991. Mwaka uliofuata MBC ilionyesha Jiltu, habari za vijana wa mjini, mavazi yao na mapenzi yao, bila ya mavyaa kutawala. Na mwaka 1997 Cheotsarang ya KBS ilifikia asilimia 65.8 ya watazamaji, kiwango ambacho hakijapitwa. Hapo ndipo kijana wa ukoo wa chaebol, yaani zile jamaa chache zilizotajirika kwa makampuni makubwa tangu miaka ya 1960, aliposhika nafasi ya mwana wa liwali, kwa sababu katika Korea ya viwanda hapakuwa tena na enzi ya kurithiwa iliyo dhahiri kuliko hiyo. Mwaka 2000 Gaeul Donghwa ilikusanya watoto waliobadilishwa hospitali na ugonjwa wa damu usiopona. Mwaka 2002 Gyeoul Yeonga, ya mwongozaji yule yule, Yoon Seok-ho, ikaongeza ajali, kusahau nafsi, na hofu kwamba wapenzi ni ndugu wa baba mmoja. Visa hivyo vilivyochakaa kwa Wakorea vilikuwa vipya kwa majirani: mchezaji wa Gyeoul Yeonga, Bae Yong-joon, alipowasili Japani Aprili 2004, maelfu ya wanawake, wengi wao watu wazima, walimlaki kwenye kiwanja cha ndege.

Jambo lililozifanya tamthilia hizo kuwa chini ya mkono wa hadhira ni namna zilivyotengenezwa. Kwa miaka mingi ilikuwa ada kupiga picha sehemu mbili kila juma, kila moja ya saa nzima na zaidi, huku sehemu zilizotangulia zikionyeshwa. Mtunzi alipeleka kurasa chache chache, nyingine zikifika asubuhi ya siku ya kupigwa picha, na wino wake ulikuwa haujakauka alipokwisha jua watazamaji wamechukizwa na nini jana. Mhusika aliyependwa aliongezewa maneno, na aliyechosha alipelekwa safari ya ughaibuni. Paris-ui Yeonin ya mwaka 2004, ilipomalizika kwa kufichua kwamba mapenzi yote yale yalikuwa ni mchezo uliotungwa na binti mwenyewe, ilizusha hasira nchi nzima, maana watu walijiona wameibiwa kitu walichokuwa wakikijenga pamoja.

Lakini hapa pana tofauti kubwa na mkeka wa pansori. Ukelele wa chuimsae ulisema hapa pamekuwa pazuri. Mashine ya kuhesabu watazamaji haina ulimi wa kusema hivyo, bali humhesabu aliyefurahi na aliyetukana kwa thamani moja. Watunzi wakalifahamu hilo, ikazaliwa aina iitwayo makjang, ambayo haina haya kwa lolote. Katika Anae-ui Yuhok ya mwaka 2008, mke aliyeachwa afe baharini arudi amejichorea baka jeusi kando ya jicho, na kwa baka hilo tu mumewe ashindwe kumtambua, amtongoze na kumwoa mara ya pili; na katika tamthilia moja ya asubuhi ya mwaka 2014 mtu azabwa usoni kwa kabichi nzima ya kimchi, inayochuruzika pilipili. Nchi ilicheka, ikalaani, ikatazama.

Amma kuhusu uigizaji, hapo sikio la zamani halijaziba. Msanii asiyejua kazi huambiwa kwamba anaigiza kwa miguu, na waimbaji vijana waingizwao kwa ajili ya sura zao hupimwa bila huruma. Ilhali Kim Hye-ja, aliyekuwa mama wa nyumba ya mashambani katika Jeonwon Ilgi tangu mwaka 1980 hadi 2002, alipata heshima ya mama wa taifa kwa vitendo vidogo kama kumenya mboga na kunyamaza mbele ya mume. Kwa kuwa kamera ya Kikorea hupenda kukaa karibu na uso na kudumu hapo, mtazamaji hupata nafasi ya kuona kama chozi limetoka moyoni au limekamuliwa.

Siku hizi mambo yanageuka tena. Taeyang-ui Huye ya mwaka 2016 ilipigwa picha yote kabla ya kuonyeshwa, na michezo itengenezwayo kwa makampuni ya ng'ambo, kama Ojingeo Geim ya mwaka 2021, hufika ikiwa imekamilika kutoka mwanzo hadi mwisho. Wapiga picha na wachezaji wamepata usingizi, na watunzi wamepata kumaliza walichokianza. Hilo ni jema. Lakini mtazamaji amenyang'anywa mamlaka ya kumwokoa mgonjwa au kumbadili bwana harusi, na kilichobaki mkononi mwake ni kile alichokuwa nacho babu yake mkekani: kisa akijuacho, na haki ya kumhukumu anayekitenda. Alaumuye kwamba hadithi ni ile ile hajakosea. Ila na afahamu kwamba katika nchi hiyo hadithi kuwa ile ile ndiyo iliyompa mtu nafasi ya kuwa bingwa wa kusikiliza.