Kutoka Manamba hadi Mhamiaji Haramu

Katika Tanganyika ya Waingereza, mashamba ya mkonge yalitegemea vibarua waliotoka mbali, wakiwamo watu wa Ruanda-Urundi. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja aliandikishwa kwa namba. Jina hilo lilitaja kazi yao, halikutaja mpaka waliouvuka.

Baada ya uhuru, jina lililotawala lilikuwa mkimbizi. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na viongozi waliwazungumzia kwa lugha ya undugu wa Kiafrika. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa nishani ya Nansen, inayotolewa kwa huduma kwa wakimbizi, kwa ukarimu huo.

Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 waliokimbia nchi yao walivuka mpaka wa Rusumo na kuingia wilaya ya Ngara, Tanzania, ndani ya takriban saa 24. Misitu iliyozunguka kambi walimowekwa ilikatwa kwa kuni, ujambazi ukaongezeka, na mgeni akaanza kusemwa kama mzigo. Sheria ya Uhamiaji ya 1995 na ile ya Wakimbizi ya 1998 zilikaza masharti, na katika habari za magazeti na redio jina "mhamiaji haramu" likashika nafasi.

Sheria huadhibu tendo: kuingia au kuishi nchini bila kibali. Jina "mhamiaji haramu" humbandika mtu mwenyewe uharamu, tena kabla mahakama haijamsikiliza. Vichwa vya habari humtaja kuwa "amenaswa", kitenzi cha mawindo. Juni 2012, wasafiri zaidi ya 40, wengi wao Waethiopia, walikufa kwa kukosa hewa ndani ya lori mkoani Dodoma. Hata wao, waliotendewa unyama na wasafirishaji, waliitwa wahamiaji haramu.

Wakati wa Operesheni Kimbunga, msako wa serikali wa mwaka 2013 dhidi ya wageni wasio na kibali huko Kagera, Kigoma na Geita, jina hilo liliwafunika pamoja wageni wapya, walowezi waliokaa miongo kadhaa, na hata wazawa wasio na karatasi za kuthibitisha uraia. Mwaka huohuo shirika la habari la Associated Press la Marekani liliacha kumwita mtu haramu, likabakiza sifa hiyo kwa tendo. Vyombo vya Kiswahili navyo vina maneno sahihi yaliyo tayari: mwomba hifadhi, mlowezi, mhamiaji asiye na kibali.

Mwaka 2014 Warundi wapatao 162,000 wa kundi la 1972 walitangazwa kuwa raia wa Tanzania. Hadhi ya mtu kisheria hubadilika, na mwandishi wa habari ana wajibu wa kuitaja ilivyo siku anayoandika.