Namba ya Rubani

Tulisomea urubani pamoja, mimi na mwenzangu. Tulipohitimu, yeye aliajiriwa na shirika la ndege za abiria. Mimi nilichukuliwa na tajiri mmoja mwenye mashamba, nikawa narusha ndege yake ya injini mbili kutoka Uwanja wa Wilson, Nairobi. Mwanzoni mshahara wangu uliuzidi wake, nami nikamwona mjinga.

Lakini yeye alikuwa na kitu nisichokuwa nacho, yaani namba. Katika mashirika mengi makubwa marubani hupangwa kwenye orodha kwa kufuata tarehe ya kuajiriwa. Namba hiyo ndiyo huamua nani awe kapteni, nani apewe ndege kubwa, na nani apate likizo wakati wa sikukuu. Mshahara nao hupanda kadiri miaka ya utumishi inavyoongezeka.

Desturi hiyo ina historia yake. Huko Marekani, zamani, rubani aliyekataa kuruka katika hewa mbaya aliweza kufukuzwa kazi. Mwaka 1931 marubani, wakiongozwa na Dave Behncke, waliunda chama chao, ALPA. Mwaka 1934 bodi ya serikali ya mambo ya kazi iliamua kuwa saa za kuruka zisizidi 85 kwa mwezi, na kwamba miaka ya utumishi ihesabiwe katika mshahara. Orodha haikujali nani ni kipenzi cha meneja.

Maana yake niliielewa jioni moja ya masika. Tajiri alitaka kufika shambani kabla ya giza, na mawingu yalikuwa yamefunika vilima.

"Mzee, tungoje asubuhi," nilimwambia.

Hakujibu. Alinitazama tu, kisha akapanda ndege. Nami nikaruka. Tulifika salama, lakini nilipozima injini mikono yangu ilikuwa bado inatetemeka. Mwenzangu angekataa, na kesho yake angeikuta namba yake palepale.

Hata hivyo, namba haihamishiki. Mwenzangu alipohamia shirika jingine, kapteni wa miaka mingi, alirudi kuwa rubani msaidizi, nyuma ya vijana. Tena shirika likifa, orodha yake hufa nalo. East African Airways ilianza mwaka 1946, ikasimama 1977. Pan Am, iliyoanza 1927, ilifungwa tarehe 4 Desemba 1991.

Kwa upande wangu, tajiri alipofariki wanawe waliiuza ndege. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mimi nilitegemea cha mtu ambaye hata ndugu yangu hakuwa.

Siku hizi vijana wakiniuliza waende wapi, siwaambii watazame mshahara kwanza. Nawaambia waulize hivi: siku nitakapokataa kuruka, nani atasimama upande wangu?